Straika wa timu kumi na tatu: namna ya kuyasoma maisha ya Akinfenwa

Mpwa wangu akishika pedi ya PlayStation anachagua Wycombe Wanderers. Wenzake wanagombania Real Madrid na Manchester City, yeye na toleo lake la zamani la gemu la FIFA anatafuta timu yenye jezi za bluu mbili ambayo hakuna anayejua inatoka mji gani. Anamtaka mtu mmoja tu, Adebayo Akinfenwa. "Anko, huyu ukimweka mbele hakuna beki wa kumng'oa," ananiambia, na ni kweli, kwenye gemu lile alama zake za nguvu zilikuwa juu ya wachezaji wote duniani. Kasi yake ni ya mkokoteni, lakini hilo mpwa halimsumbui.

Siku moja akaniuliza: mbona hajawahi kucheza Ligi Kuu? Akaongeza, baada ya kusoma wasifu wake kwenye simu: mbona amepita timu kumi na tatu, ina maana kila anakokwenda wanamchoka?

Ni swali zuri, na jibu lake si fupi. Sisi tunaoifuata soka ya Uingereza kwenye vibanda umiza tunaijua ghorofa ya juu tu. Kule chini kuna taratibu nyingine kabisa za kuajiriwa, kupanda, kushuka na kutafuta mkate, na usipozijua unaweza kumwona mtu aliyefunga zaidi ya mabao 200 ukadhani ni mzururaji.

Tuanze na majina ya ligi, maana ndiyo yanayowapoteza wengi. Mwaka 1992 klabu za juu zilijitenga zikaunda Ligi Kuu yao. Zilizobaki zikaendelea chini ya shirikisho lao la zamani, na leo ziko 72, zimegawanywa katika madaraja matatu ya timu 24 kila moja. Tangu 2004 la juu linaitwa Championship, la kati League One, la chini League Two. Kwa hiyo ukisikia mtu yuko "League One" usidhani yuko kileleni. Yuko daraja la tatu. Mtanzania hana haki ya kucheka hapa, kwa sababu nasi tuna Championship ambayo ni ya pili na First League ambayo ni ya tatu. Chini ya League Two kuna daraja la tano, halafu la sita, na ngazi zinaendelea kushuka hadi kwenye viwanja ambako kipa ni fundi bomba siku za kazi.

Akinfenwa alizaliwa Islington, London, Mei 1982, wazazi wake wakiwa Wanigeria. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano aliishi daraja la tatu na la nne. La pili alilionja msimu mmoja tu, akiwa na miaka 38. Ligi Kuu hakuigusa.

Huko chini msimu una mechi 46 za ligi peke yake. Unacheza Jumamosi, unacheza tena Jumanne usiku, mara nyingi kwenye mvua, na kati ya hizo siku mbili umekaa kwenye basi. Hayo yakae akilini tutakapofika kwenye habari za mwili wake.

Safari yenyewe ilianzia mbali na Uingereza. Aliachwa akiwa kijana wa akademia ya Watford, na kupitia wakala akapata timu Lithuania: FK Atlantas, ya mji wa bandari wa Klaipėda kwenye pwani ya Baltiki. Mwaka 2001, akiwa bado na miaka kumi na tisa, alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Lithuania. Ameeleza mara nyingi kwamba miaka ile ilikuwa pia ya kuzomewa kwa sauti za nyani, kijana mweusi peke yake mbele ya majukwaa yaliyomwona kama kituko. Alikaa. Aliporudi Uingereza watu wa soka hawakujua wamweke wapi: kombe analo, lakini kutoka ligi ambayo hakuna skauti anayeitazama.

Mwaka 2003 alikuwa Barry Town, klabu ya Wales iliyokuwa ikishinda kila kitu nchini humo hadi pesa zikaisha na wachezaji wakaachiwa. Halafu ukaja msimu wa 2003/04, ule unaofanya wasifu wake uonekane wa ajabu. Ndani ya msimu huo mmoja alivaa jezi za Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers.

Mpwa aliishia hapo, akasema "unaona?" Lakini hebu tuitazame kwa macho ya klabu. Timu ya daraja la nne ina bajeti ndogo. Straika wake mmoja akiumia Oktoba haina fedha za kununua mwingine, na wakati mwingine haina hata fedha za kumlipa mtu mshahara mpaka Mei. Inachofanya ni kumpigia simu mchezaji huru na kumpa mkataba wa mwezi mmoja, au wa mechi kwa mechi. Yule majeruhi akipona, mwezi ukiisha, mnaagana vizuri. Mchezaji anabeba viatu vyake anasubiri simu nyingine. Kwa maneno ya kwetu tungesema kibarua. Timu nne katika msimu mmoja maana yake simu ililia mara nne, na kwa kijana wa miaka 21 asiyejulikana hiyo ni biashara nzuri kuliko inavyosomeka.

Simu iliyofuata ilikuwa ya Torquay United, mji wa ufukweni kusini magharibi, na safari hii alipewa msimu mzima. Akafunga mabao 14 ya ligi. Timu ikashuka daraja hata hivyo, jambo ambalo straika hawezi kulizuia peke yake, lakini mabao yanabaki na jina lako. Torquay walitaka abaki, yeye akataka Swansea City. Hapa sheria iliwafaa Torquay. Kwa kawaida mkataba ukiisha mchezaji anaondoka bure, isipokuwa akiwa chini ya miaka 24 na klabu yake imempa ofa ya kubaki. Hapo anayemchukua anapaswa kulipa fidia. Akinfenwa alikuwa na miaka 23. Fidia ikalipwa, na nadhani ni moja ya mara chache sana katika maisha yake yote ya soka ambazo mtu alitoa pesa kwa klabu nyingine kwa ajili yake. Uhamisho wake mwingine karibu wote ulikuwa wa bure. Kumbuka hilo unaposoma bei za wachezaji wa siku hizi.

Agosti 2005 Swansea walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza ya ligi kwenye uwanja mpya wa Liberty, dhidi ya Tranmere Rovers. Ikaisha 1-0, mfungaji Akinfenwa, katika mechi yake ya kwanza. Aprili iliyofuata akafunga tena kwenye fainali waliyoifunga Carlisle 2-1 katika kombe linaloshindaniwa hasa na klabu za daraja la tatu na la nne. Mambo yalikuwa yanaelekea. Mapema 2007 akavunjika mguu.

Kuvunjika mguu ukiwa Ligi Kuu ni msiba wenye bima. Ukiwa daraja la tatu, na mkataba wako unaisha kiangazi kile kile, ni kitu kingine. Dili moja lililokuwa karibu kukamilika likaharibika kwenye vipimo vya afya. Millwall wakampa nafasi, hakufunga hata bao moja. Januari 2008 akatua Northampton Town, na hapo ndipo sehemu ya katikati ya maisha yake inaanza: Northampton, kisha Gillingham, kisha Northampton tena, kisha Gillingham tena. Ukisoma kwenye simu unaona mtu anayezunguka kama jongoo kwenye ndoo. Ila ukiiweka ramani mezani, unaona klabu zote hizo ziko pembeni pembeni ya London. Na zile zilizofuata, Wimbledon na Wycombe, pia. Mtu wa London mwenye familia, mwenye mikataba ya mwaka mmoja au miwili, hahamishi nyumba kila Julai. Anatafuta kazi iliyo umbali wa gari. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kukataa uhamisho wa kwenda wilaya ya mbali ataielewa bila kuelezwa.

Sasa mwili. Alizidi kilo 100 na hakuwahi kuficha. Amesema mara nyingi kwamba tangu ujana aliambiwa ni mkubwa mno kucheza soka, na makocha wengi walitazama mizani kabla ya kutazama mpira. Lakini tazama alichokuwa anafanya. Kipa wake anapiga mpira mrefu. Akinfenwa haukimbilii, ameshatangulia kusimama pale utakapodondokea, mgongo kwa beki, mkono mmoja umenyooshwa kidogo nyuma kupima beki yuko bega gani. Beki anasukuma, ni kama anasukuma lori lililoegeshwa. Mpira unatua kifuani, unashuka mguuni, anamwachia kiungo anayekuja mbio, basi. Sekunde mbili. Hakuna atakayeweka hiyo kwenye video ya mabao bora, lakini timu nzima imesogea mita arobaini bila kupiga pasi katikati ya uwanja uliojaa matope. Beki naye akichoka kusukuma anashika jezi, faulo, mpira uliokufa karibu na boksi. Ukizidisha kwa mechi 46 utaelewa kwa nini simu iliendelea kulia hadi akafika miaka arobaini.

Na hiyo ndiyo sababu hakupanda. Kwenye madaraja ya juu timu hukaba mbele, straika ndiye beki wa kwanza, anatakiwa kukimbia kumfukuza kipa wa wapinzani dakika tisini. Kazi hiyo hakuiweza, na naamini alijua.

Kuna wenzake waliopanda. Rickie Lambert aliachwa na Liverpool akiwa mtoto, akafanya kazi kwenye kiwanda cha bitiruti, vile viazi vyekundu vya saladi, akapita Macclesfield, Stockport, Rochdale na Bristol Rovers, halafu Southampton wakamchukua daraja la tatu na kupanda naye hadi Ligi Kuu, ambako Wakenya walimwona akicheza na Victor Wanyama. Agosti 2013, akiwa na miaka 31, aliifungia Uingereza dhidi ya Scotland kwa mguso wake wa kwanza wa mpira. Hadithi tamu, lakini ni ya mmoja kati ya mamia. Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alipita Burton, Mansfield, Grimsby na Barrow, na alipoitwa Taifa Stars ya AFCON 2019 alikuwa anatokea Solihull Moors, daraja la tano. Njia yake inafanana zaidi na ya Akinfenwa kuliko ya Lambert.

Tukitaka kuyapima maisha ya Akinfenwa kwa haki, kipimo chake ni mchujo. Kwenye madaraja haya timu mbili za juu (tatu, katika League Two) zinapanda moja kwa moja. Nne zinazofuata zinaingia mchujo: nusu fainali nyumbani na ugenini, halafu fainali moja, na mshindi ndiye anayechukua nafasi ya mwisho. Yaani unaweza kumaliza wa saba baada ya miezi tisa, ukapanda, na aliyekuzidi pointi nyingi akabaki. Wapo wanaouona ni dhuluma. Mimi nauona ni ukatili wa halali, na Akinfenwa aliupitia mara tano hadi fainali.

Ya kwanza, 2006, Swansea na Barnsley mjini Cardiff. Sare ya 2-2, wakaenda penalti, na Akinfenwa alikuwa mmoja wa waliokosa. Ya pili ilikuwa Mei 2013, Northampton dhidi ya Bradford City, Wembley. Nusu saa haijaisha, 3-0, na ikaishia hivyo hivyo. Miezi mitatu kabla, Bradford hao hao walikuwa Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi wakachapwa 5-0 na nani? Swansea, ile Swansea aliyoiacha daraja la tatu, sasa ikiwa Ligi Kuu. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuuliza Mungu maswali mwezi ule, ni yeye.

Kabla ya ya tatu lazima niseme kuhusu Wimbledon. Klabu ya zamani ya jina hilo iliruhusiwa mwaka 2002 kuhamia mji mwingine, Milton Keynes, na mashabiki wakakataa kuhama nayo. Wakaunda yao, AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa. Akinfenwa alijiunga 2014 wakiwa wameshafika la nne. Januari 2015 Liverpool walikwenda kwenye uwanja wao mdogo katika Kombe la FA. Steven Gerrard alifunga mawili, Liverpool wakashinda 2-1, lakini katikati ya mabao hayo ilipigwa kona, kipa Mignolet akashindwa kuuondoa mpira, na Akinfenwa akausukuma wavuni kutoka karibu. Yeye ni shabiki wa Liverpool tangu utoto.

Mei 30, 2016, fainali ya tatu: Wimbledon, waliomaliza wa saba, na Plymouth Argyle. Bao moja likaingia mwishoni, halafu ikapatikana penalti ndani ya dakika za nyongeza. Kulikuwa na kubishana kidogo na mwenzake juu ya nani apige. Akapiga Akinfenwa, 2-0, Wimbledon wakapanda daraja la tatu, walikokuwa wanakwenda kukutana na ile klabu ya Milton Keynes.

Halafu akasimama mbele ya kamera, jasho likimtiririka, akasema kwa kuwa sasa hana ajira rasmi, makocha wamtumie ujumbe WhatsApp. Dunia ikacheka. Video ikazunguka kwenye kila grupu, na wengi huku kwetu walimfahamu siku hiyo.

Mimi sidhani ilikuwa utani mtupu. Kila Mei klabu za Uingereza hutoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa. Mikataba mingi inaisha Juni 30. Akinfenwa alikuwa na miaka 34, mkataba wake Wimbledon haukuwa unaongezwa, na amefunga penalti ya Wembley akiwa tayari mtafuta kazi. Alichofanya ni kutumia dakika moja ya televisheni ya taifa kama tangazo, na lilifanya kazi: Gareth Ainsworth, kocha wa Wycombe Wanderers, alimtafuta kwa njia hiyo hiyo. Akasajiliwa. Akakaa miaka sita, muda mrefu kuliko kokote.

Mwaka 2018 Wycombe walipanda moja kwa moja kwenda daraja la tatu. Halafu 2020 ikaja korona, na hapa kuna hesabu inayohitaji utulivu. Ligi ilisimama mwezi Machi Wycombe wakiwa wa nane, nje ya mchujo. Walikuwa na pointi 59 katika mechi 34. Peterborough, wa sita, walikuwa nazo 59 vilevile, lakini katika mechi 35. Klabu zikakubali kufunga msimu kwa kugawanya pointi kwa mechi ulizocheza. Wycombe wakapata wastani wa 1.74, Peterborough 1.69, na hata wale wenye pointi 60 katika mechi 35 wakawa na 1.71. Kwa mechi moja ambayo hawakuwa wameicheza, Wycombe wakaruka kutoka wa nane hadi wa tatu, na Peterborough wakatupwa nje. Walilalamika, na ningekuwa shabiki wao ningelalamika hadi leo.

Julai 13, fainali ya nne, Wembley tupu bila shabiki hata mmoja, Wycombe wakaifunga Oxford United 2-1. Akinfenwa aliingia kipindi cha pili. Klabu ile haikuwa imewahi kufika daraja la pili katika historia yake yote. Mbele ya kamera akaurudia utani wake: safari hii mtu pekee aliyeruhusiwa kumtumia ujumbe WhatsApp ni Jürgen Klopp, washerehekee pamoja, maana Liverpool walikuwa wametoka kuchukua ubingwa. Klopp akamtumia video.

Msimu wa Championship ulikuwa mgumu, wakashuka kwa pointi moja, 43 dhidi ya 44 za Derby County. Fainali ya tano ilikuwa Mei 21, 2022, ya kurudi huko huko, na Sunderland. Alikuwa ametimiza miaka 40 siku kumi na moja kabla, na alishatangaza kwamba ni ya mwisho. Majukwaa yalijaa watu wa Sunderland. Wycombe wakiwa nyuma akaitwa kutoka benchi, akaenda kusimama mahali pake, mgongo kwa beki, mkono mmoja nyuma. Mpira mrefu ukaja, kisha mwingine. Ikaisha 2-0. Sunderland wakapanda, na Wycombe wakabaki League One, yaani daraja la tatu.

Mpwa alinisikiliza hadi hapo, akanipa pedi ya pili, akachukua Wycombe. Mimi nikachukua timu yenye mawinga wenye kasi. Nilikuwa naongoza mawili hadi dakika ya 88, akapata kona.